Bwana Povu wa Stendi ya Masasi

Daktari pale Masasi aliutazama mguu wa Gervas kama fundi anavyotazama baiskeli isiyofaa hata kwa spea. Akamwambia bintiye, Josephina, amrudishe mzee nyumbani Kitangari, ampe dawa za maumivu, na asishangae zikimfanya aongee maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Gervas akacheka, akasema miguu ndiyo hasa iliyompungukia.

Wakingoja gari la Newala, waliingia kunywa chai kwa Mama Julia, kwenye mgahawa wa stendi. Televisheni ilikuwa ikitangaza simu, kisha simu nyingine, kisha vocha ya ile simu ya kwanza. Mama Julia akasonya. Matangazo ya zamani, alisema, yalikuwa na watu ndani yake. Akamtaja Bwana Povu wa sabuni, lile bonge la sponji lenye jino moja, na mgahawa mzima ukaongea kwa pamoja. Josephina, mama wa watoto wawili, alirudi utotoni hapo hapo kwenye benchi. Akawaeleza alivyokuwa akikimbilia dukani kwa Bwanali, mwenye ungo wa kwanza wa televisheni Kitangari, amwone Bwana Povu akitikisa mabega, kisha arudi nyumbani akiyatikisa mpaka mama yake, marehemu Paulina, aseme mabega hayo huyo mtu kajifunzia kwetu.

Gervas aliyasikia hayo miaka ile yote huku akimega ugali kimya. Bwana Povu alikuwa yeye.

Mwaka tisini na saba watu wa kiwanda walifika Newala na gari la vipaza sauti, wakamkuta akicheza mapiko, ngoma ya kinyago, wakamchukua Dar es Salaam wiki moja, akacheze tangazo ndani ya vazi la sponji. Nyumbani aliaga kwamba anapeleka korosho Mtwara. Walitaka kumpiga picha bila sponji, akakataa. Walitaka jina la kuandika, akakataa. Jandoni alifundishwa kwamba aliye ndani ya kinyago hatajwi, na mbele ya wanawake ndiyo kabisa. Angejitajaje, eti kwa kuwa kinyago hiki ni cha sabuni? Baadaye soko huria likaleta sabuni za nje za bei ya kutupa, kiwanda kikafungwa, na kanda zikaenda zinakojua zenyewe.

"Bwana Povu mwenyewe si huyu hapa," Mama Julia akasema.

Alikuwa akimwonyesha Dickson, mpiga debe wa stendi, aliyeinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu aliyekwishanunuliwa chai nyingi kwa hadithi hiyo.

Josephina akashika mdomo. Gervas akaona kwamba asiposema sasa atazikwa na siri yake, na mwanawe atabaki na Dickson. Akamvuta mkono, akamweleza yote kwa Kimakonde, taratibu, mdomo ukimkauka kama wa mtu anayevunja kiapo, maana ndicho alichokuwa akikifanya.

Josephina alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akampapasa paji la uso.

"Ni dawa hizo, Baba. Daktari alisema."

"Sijazinywa bado."

"Ulimeza mbili kule hospitali. Mimi ndiye niliyekushikia kikombe."

Ni kweli, alikuwa amezimeza. Basi akainuka ili mabega yajieleze yenyewe, lakini mguu ukamkana mbele ya watu. Akaanguka kwenye benchi, chai ikamwagika.

Josephina akamfuta, machozi yakimlenga, kisha akamwendea Dickson na kumwomba amchezee kidogo baba yake mgonjwa, ambaye naye, kumbe, alimpenda sana Bwana Povu.

"Shikamoo, mzee," Dickson akasema.

"Marahaba."

Dickson akacheza. Mabega hayakusogea hata kidogo. Alitikisa shingo tu, kama kuku anayekunywa maji. Josephina akapiga makofi, akacheka kicheko ambacho Gervas hakuwa amekisikia tangu walipomzika Paulina.

"Umemwona, Baba?"

"Nimemwona."

Gari lilipopiga honi, Dickson alimbeba mzee mgongoni kwa heshima zote, akiwafokea abiria wapishe. Josephina akafuata na kapu, akimuuliza mle ndani ya sponji alikuwa akipumuaje.

"Kulikuwa na feni, dada," Dickson akasema.