Gurudumu la Nyuma Kushoto

Gari lilikuwa na gurudumu moja lililogoma, la nyuma kushoto, na mzee mwenye gari alikuwa amegoma kuliko gurudumu. Kesho asubuhi, kasema, anakwenda kumwona dada yake ng'ambo ya mlima, na anaendesha mwenyewe. Miaka thelathini na minane alikuwa dereva wa malori. Nani wa kumfundisha barabara?

Binti yake, fundi wa magari, alikuwa amechuchumaa kando ya gari hilo tangu saa mbili, na roho haikumtulia hata kidogo. Alijua anachokijua. Wiki iliyopita baba alimimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina huku akipiga soga. Juzi alilisalimu koti lililotundikwa mlangoni, akaliuliza habari za nyumbani. Alipoambiwa akapime macho, alijibu kwamba taa za siku hizi zimekuwa hafifu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Miezi mitano binti aliishi kwa visingizio. Mara betri, mara plagi, mara kuna kipuri kimeadimika mjini kote. Na muda wote huo gari limekaa uani limevutwa hendibreki, maana mzee ana tabia yake: hata pawe tambarare kama meza, huivuta kwa mikono miwili mpaka ilie. Aliivuta hivyo siku ya mwisho aliyoliendesha, alipotoka kupita kwenye maji ya mvua, breki zikiwa chapachapa, na kutu ikapata makao. Visingizio vilipokwisha, betri ikafungwa, injini ikawaka, gurudumu likakataa kuzunguka. Binti alifurahi mpaka akaona aibu.

Sasa aibu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimtafuna. Alikwishafungua nati, akapandisha jeki, akatoa gurudumu, akalegeza waya wa hendibreki. Ilibaki dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki, nayo iling'ang'ania kama kupe. Angeweza kusema imeshindikana. Neno moja tu, na kesho baba asingekwenda popote. Lakini mikono ya fundi, jamani, haina adabu: ikiona kitu kimekwama, inataka kukikwamua. Aligonga kwa nyundo kuzunguka dramu, akaacha, akainuka, akanywa maji bila kiu, akarudi akagonga tena.

"Polepole, mama," baba alisema kutoka kwenye stuli yake, kwenye kivuli cha ukuta. "Unaigonga kama imekutukana."

"Imenitukana."

"Itie mafuta, uiache inywe. Haraka haraka haina baraka."

"Nimeitia mara tatu, baba. Imekunywa kuliko mimi."

Mzee akacheka. "Haya, ikikushinda sema. Nitamwita fundi."

Utani tu, lakini ulimwingia. Karakana nzima anakofanya kazi walijua kwamba kilichomshinda mwanamke yule hupelekwa moja kwa moja kwa wanunua vyuma chakavu. Akachukua boliti mbili, akazipachika kwenye matundu mawili ya uso wa dramu, akaanza kuzikaza ili ziisukume itoke. Robo mzunguko huku, robo mzunguko kule, isije ikaenda upande. Na kila robo alijigombeza. Mchelea mwana kulia hulia yeye, wahenga walisema, wakasahau kumtaja anayemchelea baba. Alimwona mzee kesho kwenye kona za mlima, lori linashuka, na yeye analiuliza habari za nyumbani. Hata hivyo mkono haukuacha kukaza.

Dramu ikatoka. Baada ya ghasia zote zile ilitoka kimya kimya, ikamwachia vumbi jekundu mapajani. Viatu vya breki vilikuwa wazi mbele yake, springi na kila kitu. Aliibeba dramu mpaka kwenye mwanga, akaiweka chini aisafishe, akabaki amesimama kando yake bila kujua aanzie wapi.

Baba alikuwa ameinuka. Alikuja mikono nyuma, mwendo wake ule wa kukagua tairi, akasimama. Jua la saa sita lilikuwa utosini, na dramu ilikuwa pale, kwenye ncha za kandambili zake. Akainama kuelekea gari, akakunja uso wa mtaalamu, akatazama kwa kitambo.

"Bado imekamata," alisema. "Naiona."

Uongo ambao binti aliutafuta miezi mitano alikuwa ameletewa bure, umeshamenywa. Ilibaki kuitikia tu. Alifungua mdomo aitikie, likatoka jingine.

"Baba," alisema. "Iko miguuni pako."

Mzee alichuchumaa, goti likalia, akapeleka mkono chini. Ukapita, ukarudi, ukaupata ukingo. Akaipapasa dramu kwa ndani, taratibu, mzunguko mzima, vidole vikatoka na rangi ya kutu. Binti aliogopa. Alitamani baba amgombeze, apige kelele, aseme jua limemchoma machoni, lolote.

"Imelika kidogo," baba alisema hatimaye. "Ipige msasa kabla hujairudisha."

"Nitaipiga."

"Na ufunge vizuri. Mlima ule una kona."

"Najua, baba."

"Hujui. Hujawahi kuupanda ukiwa kwenye usukani." Akainuka kwa kujishika kiuno. "Kesho nitakaa pembeni, nikuelekeze."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa gari, akamnyooshea. Mkono ulikuwa imara, hautetemeki, umenyooka kuelekea kwenye jeki. Binti alifuta kiganja kwenye ovaroli, akasogea hatua mbili pembeni, akaupokea.