Utando wa Mtukufu Ngwamba

Nchi ya Munyuni ilikuwa nyeupe kuanzia ukingo wa ziwa lake hadi kizingiti cha ikulu, nyeupe kwa chumvi iliyochotwa vizazi na vizazi, mpaka Mtukufu Ngwamba alipokalia kiti na kutangaza kwamba chumvi ni kitu cha washamba. Yeye alitaka tindikali, tena safi isiyo na doa, ya kuchimbia jina lake kwenye kila jabali. Likajengwa tanki kubwa la maji ya chumvi, lenye utando mwembamba wa kuligawa katikati. Umeme ulipopita, chumvi iliachana: tindikali ikabaki upande huu, magadi makali upande ule. Mchezo huo ukamnogea Mtukufu, akawagawa na watu vilevile, wanaume kwenye tindikali, wanawake kwenye magadi, ukuta katikati. Eti waliooana huzembea kazi! Loo, mtu na akili zake.

Zuhuri alitupwa upande wa magadi. Mumewe, Shaibu, alikuwa pale pale ng'ambo, lakini hajamtia machoni tangu binti yao Tatu hajaota meno; sasa Tatu anajisuka mwenyewe. Alimtamani mume wake, jamani. Akisikia kikohozi chake ukutani, aliacha kula akatega sikio.

Kazi yao ilikuwa na mwiko mmoja: utando usikauke. Ukitolewa kusafishwa, ulimwagiwa maji pande zote mbili, wanaume upande wao na wanawake upande wao, hadi urudishwe, la sivyo ungepasuka.

Siku ya sherehe, Mtukufu aliamuru utando utundikwe uwanjani, wageni waushangae. Zuhuri akasimama upande wake na ndoo yake ya maji. Jua likapenya, na kwenye utando kikatokea kivuli cha mtu mwenye bega moja lililoinama. Bega hilo alilijua.

"Baba Tatu?"

"Mama Tatu! Ni wewe?"

"Ni mimi. Umekonda."

"Wewe nawe! Kivuli tu, ushaona nimekonda?"

Wakacheka, na machozi yakiwatoka. Kisha Shaibu akanong'ona, "Ndoo yako ina maji?"

"Imejaa."

"Yangu pia. Tuyaache humo humo."

"Wakijua watatuua."

"Na sasa tunaishi?"

Mtukufu akapita na wageni wake. "Wewe, mbona humwagi?"

"Maji yatawarukia wageni, Mtukufu," akajibu Zuhuri.

"Vyema! Ondoa ndoo hiyo, inaharibu picha."

Jioni utando ulirudishwa tankini umekauka, na hakuna aliyeuona ufa uliokwisha kuingia. Kesho yake Mtukufu akapanda jabali kuu na kumimina tindikali yake mpya, herufi baada ya herufi. Jiwe halikutoa hata moshi. Mbuzi wakaja wakalamba jina lote kwa furaha, na vijakazi wakajiziba midomo wasicheke.

Kule kwenye tanki, Zuhuri alitumbukiza mkono. Magadi hayakumchoma. Alionja kidole: chumvi. Akaunyoosha mkono hadi kwenye ufa wa utando, na pale maji yalikuwa ya vuguvugu. Hakujua kama ni joto la vitu viwili vilivyokutana tena, au la kiganja cha mtu. Nyuma yake walinzi walikuwa wakikimbia kuja, lakini hakuutoa mkono.