Siku Nukta Alipokwanguliwa

Katika Nyumba ya Wachoraji, hakuna picha inayotiwa sahihi kabla haijakwanguliwa. Hiyo ndiyo sheria yao, na ni wao wenyewe walioitunga, kwa hiyo wasije wakamlaumu mtu. Nyumba hiyo zamani ilikuwa ghala la magunia. Sasa ina madirisha makubwa upande mmoja, sinki lililojaa brashi, na harufu ya rangi inayokufuata mpaka kitandani. Jumamosi kabla ya kila maonyesho, wachoraji hukaa kwa duara, kila mmoja kwa zamu anasimamisha picha yake kwenye stendi ya mbao, na wenzake wanaikwangua bila huruma: hapa umedanganya, hapa ulichoka, hapa ulikuwa unawaza chakula cha mchana. Bingwa wa kukwangua ni mzee mmoja wanayemwita Msasa, na jina hilo hakupewa kwa sababu ya ulaini. Watu wazima wenye ndevu zao wametoka mikononi mwake wakaenda kusimama kwenye sinki, wakijifanya wanaosha brashi.

Mchoraji mmoja tu hakuwahi kukwanguliwa hata mara moja. Huyo alikuwa Nukta.

Nukta ndiye aliyekuwa mwanamke peke yake katika duara lile, na alitembelea gongo tangu utotoni kwa sababu mguu wake wa kushoto ulikataa kukua pamoja na mwenzake. Mguu wenyewe haukumsumbua. Alikuwa ameuzoea kama watu wanavyomzoea shemeji mvivu: yupo, anakula, hafanyi kazi, na maisha yanaendelea. Alikuwa na mume fundi cherehani mwenye maneno mengi na sauti mbaya ya kuimba, alikuwa na chumba cha mbele chenye mwanga mzuri, na alichora kila siku iliyompendeza kuchora. Ungemwuliza kama ana furaha angekushangaa, kana kwamba umemwuliza kama ana masikio.

Ila kila picha yake ilipopanda kwenye stendi, duara zima lilibadilisha sauti. Watu ambao dakika chache kabla walikuwa wanararuana walikaa vizuri na kufunga vifungo vya mashati. "Inatia moyo sana," alisema mmoja. "Ujasiri mtupu," akadakia mwingine. Msasa mwenyewe alikohoa kidogo, akasema, "Hongera, mwanangu, endelea hivyohivyo," akaita picha inayofuata. Kisha Mkurugenzi wa Nyumba, bwana mpole mwenye miwani mikubwa, alianzisha makofi. Wengine wote walitoka pale na majeraha, Nukta alitoka na kilemba cha ukoka.

Mkurugenzi alikuwa na sababu zake. Wafadhili wa Nyumba walipenda kusikia kwamba wachoraji ni wa kila namna, na kwa Nukta alikuwa amepata namna mbili kwenye kiti kimoja. Basi kila mwaka bango la maonyesho lilikuwa na uso wa Nukta, na mbele ya uso, gongo. Mwaka mmoja mpiga picha alimkuta amekaa na gongo ameliegemeza ukutani, akamwomba alishike. "Nimekaa, kaka," Nukta akamwambia. "Nilishike la nini?" Yule akajibu kwamba bila gongo watu hawataelewa. Waelewe nini, hakusema.

Picha zake zenyewe hazikufika hata karibu na bango. Ukumbi mkubwa, wenye kuta nyeupe na taa za maana, ulikuwa wa picha zilizokwanguliwa zikapona. Za Nukta, kwa kuwa hazikukwanguliwa, zilitundikwa koridoni mkabala na mlango wa choo, chini ya taa iliyowaka ilipojisikia. Watu walizitazama wakiwa kwenye foleni.

"Mke wangu unajulikana mji mzima," mumewe alimwambia. "Zilizobaki ni picha zako tu."

Kwa miaka mingi Nukta alilicheka jambo hilo, na alicheka kwa dhati. Mwaka huu kicheko hakikutoka. Sababu ilikuwa picha moja.

Ilikuwa picha ya mumewe amesinzia kwenye cherehani mchana, shavu limelala juu ya kitambaa cha bluu kilichokunjwa, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, mkono mmoja bado umeshika mkasi kana kwamba usingizi umemkuta kazini na kumkamata hapohapo. Nukta alijua ni picha bora kuliko zote alizowahi kuchora. Alijua vilevile kwamba ina kosa. Kosa lilikuwa mle ndani, alilihisi kila alipoingia chumbani, na kila alipolitafuta lilijificha. Alifuta sikio, akalirudisha. Alibadilisha rangi ya ukuta. Aliigeuza picha kichwa chini, akaitazama kwenye kioo, akaifunika shuka na kuifunua ghafla ili aishtukize. Wapi.

Akamwita mumewe. Fundi akasimama mbele ya picha, mikono nyuma, kama anayekagua suti ya bwana harusi.

"Umeninenepesha," akasema.

"Sijakunenepesha. Ndivyo ulivyo."

"Basi hilo ndilo kosa lenyewe."

Akamwita rafiki yake Kipara, mchoraji mwenzake, mtu mwenye kichwa king'aacho na moyo mweupe. Kipara alitazama mpaka chai ikapoa. Akakiri kwamba na yeye analihisi kosa, kama mtu anavyohisi jiwe kwenye kiatu, ila hajui liko wapi. "Hapa ni Msasa tu," akasema.

Basi Nukta akapiga moyo konde, akamfuata Msasa kwenye kona yake ya ghala. Akamwamkia, kisha akamwambia bila kuzunguka, "Mzee, Jumamosi nataka unikwangue kama wenzangu. Naomba sana."

Msasa alimtazama kwa upole, na upole ule ndio uliomkata Nukta maini. "Mwanangu," mzee akasema, "wewe huna haja ya hayo. Wewe ni mfano kwetu sote. Kule kufika tu hapa, na ngazi zile za mlangoni, ni ushindi."

"Ngazi zenyewe ni tatu, mzee."

"Unaona moyo ulio nao?" Msasa akasema, akampigapiga begani na kurudi kwenye kazi yake.

Nukta alirudi nyumbani amenuna, na yeye si mtu wa kununa. Njia nzima aliwaza. Angekuwa mchoraji mbaya, wangemwambia. Angekuwa mzuri, wangemwambia. Hawakuwa wamemwambia lolote, miaka yote ile, kwa makofi yote yale, na sasa alikuwa na picha moja ya maana maishani mwake ambayo ingekwenda mlangoni pa choo na kosa lake ndani. Hilo lilimuuma kuliko mguu ulivyowahi kumuuma. Alipofika mlangoni alikuwa na mpango, na kununa kumekwisha.

Kipara aliposikia mpango, macho yalimtoka pima. "Yaani mimi nisimamishe picha yako niseme ni yangu, halafu Msasa anichane mimi?"

"Uchanwe wewe, nisikie mimi."

"Na yangu?"

"Nitaisimamisha mimi. Mtapigiwa makofi, wewe na picha yako, kwa mara ya kwanza."

"Sina picha mwezi huu. Nina ndoo tu."

Ilikuwa kweli. Kipara alikuwa ameishiwa mawazo, akachora ndoo iliyokuwa kwenye kona ya chumba, imepinduliwa, na hata hiyo hakuimaliza. Nukta akamwambia ndoo inatosha kabisa. Kipara alisitasita mpaka fundi cherehani, aliyekuwa anasikiliza kutoka kwenye cherehani yake, akaahidi kumshonea suruali. Hapo rafiki mwenye moyo mweupe akakubali kufa kiume.

Walichoogopa ni kwamba watu wangetambua. Mchoraji ana mkono wake, kama mtu na mwandiko wake. Nukta alikuwa na bluu yake anayoichanganya mwenyewe, na namna ya kuacha ukingo wa kitu bila mstari. Usiku ule alipanga kabisa cha kujibu, mtu wa kwanza atakaposema, "Lakini hii si ya Nukta?"

Jumamosi ikafika. Ndoo ikapanda kwanza.

Nukta alisimama kando yake na gongo lake, akainamisha kichwa. Duara likafunga vifungo vya mashati. Mkurugenzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ndoo iliyopinduliwa," akasema polepole. "Maisha yaliyopinduliwa. Na bado imesimama."

"Naona mama anayekataa kuanguka," mwingine akasema.

"Na huku chini, alipoacha bila rangi," akadakia wa tatu, "ni ule mguu."

Kipara alishikwa na kikohozi kikali ikabidi apewe maji. Msasa akaitazama ndoo kwa muda usiozidi ule unaotosha kumtazama mtu usoni, akasema hongera, endelea hivyohivyo. Makofi yakapigwa. Nukta akarudi kwenye kiti akiuma shavu kwa ndani asicheke, maana mbavu zilikuwa karibu kuvunjika.

Kisha Kipara akasimamisha picha ya fundi aliyesinzia.

Nukta akangoja. Akatazama sura za wenzake mmoja mmoja, watu aliokaa nao duara moja mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyesema si ya Kipara. Hakuna aliyeitambua bluu. Walikuwa wanaitazama kama kitu kigeni kilichoingia kwa mlango, na hapo kicheko chote kikamtoka Nukta, kwa sababu alielewa kwamba picha zake hawakuwahi kuzitazama hata kidogo, si kwenye stendi wala koridoni. Alitamani kuinuka na kwenda nyumbani, na pengine angeinuka, lakini Msasa alikuwa ameshasimama.

Mzee aliikaribia picha mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Akarudi nyuma. Akaikaribia tena. Duara likajua kinachokuja, na Kipara akashika viti vya pande zote mbili.

"Wewe," Msasa akasema, "umechora uongo mkubwa hapa katikati, ukauzungushia ukweli ili tusiuone. Mtu huyu amelala. Usingizi mzito, mdomo wazi, nusura nimsikie akikoroma. Na kichwa cha mtu aliyelala ni kizito kama jiwe la kusagia. Sasa niambie, kwa nini kitambaa hakijabonyea?"

Kipara akainama kukitazama kitambaa, kana kwamba yeye ndiye aliyekikunja.

"Kitambaa ulikichora mtu hayupo, kimekunjwa kizuri, kimevimba. Halafu ukaja ukaweka kichwa juu yake. Kichwa kinaelea! Mtu mzima mwenye shingo nene kama hiyo, anaelea!"

Nukta alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu mwezi uliopita. Ndiyo. Kitambaa alikichora mumewe akiwa amekwenda kula, na kichwa alikichora siku nyingine. Alikuwa amekitazama mara ngapi! Kosa lilikuwa pale pale, kubwa kama mlango, na yeye alikuwa akihangaika na sikio.

"Na cha kuudhi," Msasa aliendelea, sauti imepanda, "ni kwamba mkono huu ulioshika mkasi umeuweza. Mimi nimechora mikono tangu hujaota meno, na mkono kama huu sijaupata. Sasa mtu mwenye mkono huu anawezaje kusahau uzito wa kichwa? Uvivu! Nani alikufundisha uvivu?"

"Mzee," Nukta akasema, "samahani. Picha hiyo ni yangu."

Vichwa vyote vikageuka. Kipara akanyoosha kidole juu kama mtoto wa shule, akasema, "Mimi ni ndoo." Ikabidi waeleze, mmoja akianza na mwingine akimalizia, na kadiri walivyoeleza ndivyo watu walivyozidi kutazama viatu vyao. Yule aliyeuona mguu kwenye ndoo alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mkurugenzi ndiye aliyezinduka wa kwanza. "Jamani!" akasema, uso umemng'aa. "Huu nao ni ujasiri wa aina yake! Hebu sote tumpigie—"

"Shusha mikono," Msasa akamwambia.

Mzee alikuwa amewiva usoni kwa haya. Alimtazama Nukta, akaitazama picha, akamtazama tena, kama mtu anayelinganisha sura na kitambulisho.

"Miaka yote hii ulikuwa unachora hivi?"

"Nilianza vibaya, mzee. Nikawa najirekebisha mwenyewe, kwa kubahatisha."

"Nami muda wote huo nakupa hongera tu," Msasa akasema. Haya bado ilikuwa haijamtoka. Kisha akavuta kiti chake, miguu ya kiti ikalia sakafuni, akakiweka mbele ya stendi na kuikunja mikono ya shati. "Kwa hiyo ni wewe uliyemwacha mumeo anaelea."

"Ni mimi."

"Basi sogea hapa uone, maana sijamaliza. Huu ukuta nyuma yake ni wa nini? Na futi hii, umewahi kuona futi inaning'inia hivi, au uliiota?"

Nukta akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusa stendi. Msasa alishuka na picha yote, kutoka nywele mpaka soli ya kiatu, na alipofika mwisho akarudi juu akaanza upya. Wenzake wakaanza kunong'ona kwamba sasa mzee amezidi, amwonee huruma mama wa watu. Nukta akageuka akawaambia wanyamaze, anataka kusikia.