Beberu Niliyemkataa Nanyuki

Watu wa Kiriaini wananiita daktari. Mimi si daktari. Nilisomea afya ya mifugo miaka miwili nikapewa cheti, lakini mtu akikuita daktari mbele ya watu, kumsahihisha ni kumwaibisha, kwa hivyo nimewavumilia. Kikundi cha akina mama wenye mbuzi wa maziwa kilipotaka beberu mpya wa mbegu, kilinituma mimi, Kingori, sokoni Nanyuki. Nikaenda nimevaa koti jeupe. Koti jeupe, katikati ya mavi ya ng'ombe. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Mchuuzi mmoja wa mifugo, Abdimalik, akanitolea beberu wa kutamanisha: shingo nene, ndevu mpaka kifuani, na ile harufu ya kuangusha mtu. Nikainama nyuma yake nikapapasa mfuko. Nikapapasa tena. Korodani ilikuwa moja.

"Huyu sichukui," nikasema.

"Daktari, angalia hiyo ndevu. Huyu ni mwanaume kamili."

Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza nirudi nyumbani na heshima yangu. Lakini watu walishaanza kukusanyika, na mimi nikiona watu watatu wamesimama pamoja lazima niwafundishe kitu. Nikawaeleza kwamba korodani hazianzii pale chini. Kiumbe akiwa bado tumboni mwa mama yake, zinaumbika ndani, huko juu karibu na figo, halafu zinashuka pole pole, zinapita kinenani, zinaingia mfukoni. Mfuko umewekwa nje kwa sababu mbegu zinataka baridi kidogo kushinda mwili. Korodani ikikwama ndani inakaa kwa joto, na mbegu zake haziivi.

"Na ndevu je?" akauliza Abdimalik.

"Ndevu ni kazi nyingine. Hata ile ya ndani inatoa homoni. Sauti atakuwa nayo, ndevu atakuwa nazo, kupanda atapanda kutwa nzima. Lakini mimba zitakuwa za kubahatisha, na mwenye mbuzi atabaki kulaumu jike."

Mzee mmoja aliyeegemea uzio akauliza, "Hata kwa watu ni hivyo?"

"Kwa watu ni vile vile, mzee wangu," nikasema, kwa ile sauti yangu ya semina.

Halafu nikajisikia nilichosema, maana mimi mwenyewe niko na moja.

Nimekuwa na moja tangu nijue kujiosha. Nimeshika mafahali, mabeberu na nguruwe madume kutoka Kiriaini mpaka Kangari, naweza kukueleza hali ya dume lako nikiwa nimefumba macho, na hata siku moja sikuwahi kujipigia hesabu hiyo mwenyewe. Nilidhani tu wanaume wa kwetu wako hivyo. Na ndevu, kusema kweli, niko nazo nzuri sana.

Nyumbani kulikuwa na Wangechi, mke wangu. Tumeoana miaka sita bila mtoto. Wanawake wa rika lake wote wanaitwa mama fulani. Yeye bado anaitwa Wangechi. Amepimwa damu, amepigwa picha, amemeza vidonge vya kila rangi. Kila mara hospitali waliposema mume naye aje, mimi nilicheka. Ati mimi? Mimi ndiye napima wengine. Na mama yangu, Wamucii, kila mwezi humletea chupa ya mizizi iliyochemshwa, na kila mwezi Wangechi huinywa mbele yake mpaka iishe. Nilikuwa nakaa hapo hapo nakunywa chai.

Nilimkuta akichambua maharagwe. Nikaanza kumweleza habari za beberu, figo, kinena. Nikazunguka wee, mpaka mwishowe nikasema, "Wangechi, nafikiri shida inaweza kuwa mimi. Niko na moja tu."

Hakuinua kichwa. "Kingori, nimeishi na wewe miaka sita. Unafikiri sijui kuhesabu mpaka mbili?"

"Ulijua? Na hukusema?"

"Nilisema, mara mbili. Ukaniambia nisikufundishe kazi yako."

Nilikumbuka. Niliona aibu mpaka nikakosa pa kuweka mikono, nikaanza kumsaidia maharagwe, na nikatupa mazuri nikabakisha mawe.

Tulienda Nyeri. Nilivua suruali mbele ya daktari wa kweli, mwanamke anayeitwa Tabby, mdogo kwangu, ambaye alinipapasa kwa ujuzi nilioutambua mara moja. Akasema wengi wenye moja huzaa bila shida, ila hii yangu iliyoshuka inafanya kazi kwa uvivu. Mbegu zipo, lakini ni chache. Ile ya ndani itolewe, kwa sababu ikikaa huko inaweza kuleta saratani. Akaniuliza kama tuna mbuzi, maana kila swali lake nilikuwa nikilijibu kwa mfano wa beberu. Nikajibu hatuna.

"Chache si sifuri," akamwambia Wangechi. Mimi hata hakunitazama.

Njiani nikaanza kumwomba Wangechi msamaha. Akanikatiza. "Sitaki pole. Nataka umwambie mama yako, nikiwa nimekaa hapo."

Jumapili baada ya kanisa Mama alikuja kama kawaida, akaweka chupa yake mezani mbele ya Wangechi. Nikakohoa. Nikaanza, "Mama, mbuzi akiwa bado tumboni..."

"Wacha mbuzi," akasema Wangechi.

Nikamwacha mbuzi. "Mama, si Wangechi. Ni mimi. Korodani moja haikushuka. Tumepimwa Nyeri."

Nilingoja Mama abishe, aseme madaktari wa siku hizi ni waongo. Badala yake akashika kingo za kitambaa chake cha kichwa.

"Waliniambia kliniki," akasema. "Ulikuwa wa miezi mitatu. Walisema ngoja, itashuka yenyewe, ikikataa umrudishe akifika miezi sita. Ilikuwa wakati wa kuchuma kahawa. Nikasahau." Akamgeukia Wangechi. "Mwanangu, nimekunywesha huu uchungu miaka minne."

Alinyoosha mkono achukue chupa aimwage. Wangechi akamtangulia. Akaifungua, akajaza kikombe changu cha chai mpaka juu, akakisukuma mbele yangu.

Mama akaniangalia. Wangechi akaniangalia. Nikanywa. Mdomo wangu wote ulikufa ganzi, macho yakatoa machozi, na kikombe kilikuwa hakijafika hata nusu.

"Ulikuwa unaimezaje hii?" nikamuuliza.

"Nilikuwa naziba pua," akasema. "Maliza."