Sababu ya Safari

Mwaka wa sabini na saba, katika milima ya juu ya Isongole, mtu hakuondoka kijijini hivi hivi. Alikwenda kwanza kwa balozi wa nyumba kumi, akaandikiwa barua: jina lake, aendako, siku atakazokaa huko, na sababu ya safari. Bila barua hiyo mgambo wa kizuizini, kule njia ya Mpemba, wangemshusha kwenye lori na kumwita mzururaji, na kabla jua halijageuka angekuwa ameshika jembe kwenye shamba la kijiji.

Balozi mwenyewe, mzee Mbonile, kusoma alikuwa akikisia. Alichojua vizuri ni kuweka sahihi, kubwa, yenye mkia. Barua zenyewe aliziandika Tupokigwe, mke wa Danford, kwa kuwa alimaliza madarasa yote ya kisomo cha jioni na mwandiko wake ulinyooka kuliko wa mwalimu. Aliandika mtoto wake Isaka akiwa mgongoni, akilipwa asante. Hakuwahi kulalamika, mpaka ilipofika zamu ya mama mkwe wake.

Yunisi alikuwa amestaafu tangu Machi. Miaka ishirini na sita alifua mashuka na bandeji za zahanati ya misheni, mvua ikinyesha, baridi ya Juni ikiuma. Alipopata kiinua mgongo, watu walidhani atawagawia wanawe kisha akae kusubiri kulishwa. Yeye alimwita mkwewe, wakafunga mlango, wakapanga mambo kwa penseli nyuma ya daftari la kisomo.

Kwanza miche mia mbili ya kahawa, ipandwe karibu na nyumba, ili magoti yatakapokataa kupanda kilima kahawa iwe imeshaanza kuzaa mlangoni. Halafu mtamba mmoja, akafugwe kwa mdogo wake Sadoki. Fungu jingine likae Posta na lisiguswe ila kwa ugonjwa. Tupokigwe aliandika yote hayo kwa furaha, maana hakuwa amewahi kumwona mwanamke akikaa chini na kuupanga uzee wake mwenyewe.

"Kilichobaki," Yunisi alisema, "ni cha treni."

"Treni ya kwenda wapi, mama?"

"Mlimba."

"Mlimba tuna nani?"

"Hatuna mtu." Akacheka, akaziba mdomo kwa upindo wa kanga.

Ndipo akaeleza. Siku alipokwenda kufuata pesa zake, alisimama pale stesheni ya Mpemba na treni ikasimama mbele yake. Dirishani akamwona mwanamke wa umri wake amelala kitandani. Saa saba mchana. Amelala fofofo, mdomo wazi, treni ikaondoka naye na wala hakushtuka. Yunisi aliitazama mpaka ikapotea. Tangu siku ile alitaka kitu kimoja tu, naye alikitaka kama mjamzito anavyotaka udongo: alale mchana kitandani, asiitwe na mtu, na huku anasafiri. Alikuwa ameshauliza. Daraja la pili lina vitanda. Kuelekea Mlimba treni inaingia tumboni mwa mlima, inatokea upande wa pili, inaingia tena. Angelala gesti usiku mmoja, apande inayorudi.

Tupokigwe aliandika: Treni. Akapiga mstari chini yake mara mbili.

Danford aliposikia, alicheka kwanza, kisha akaona mama hacheki. Alikuwa anajenga nyumba, kuta zimesimama, bati bado. Alikwishapiga hesabu kwamba pesa za kwenda na kurudi, na za gesti, na za kula njiani, zingetosha kumalizia upande mmoja wa paa. Alizunguka uani akisema kwamba mama ana kitanda chumbani kwake, kizuri, cha mninga, sasa cha nini kukodi kingine kinachotikisika. Majirani wakacheka sana kwa maneno hayo. Kufika Jumapili, kanisani kila mtu alikuwa anamwuliza Yunisi kama kichwa kinamwuma.

Aliyeumwa na kichwa hasa ni Tupokigwe. Alipokuwa akichambua maharage, akinyonyesha, akichota maji, alijiuliza yale yale. Mbona mama alipofua mashuka yenye damu hakuna aliyemwuliza habari ya kichwa? Mbona alipompeleka Danford shule kwa mshahara wa sabuni na majivu hakuna aliyesema pesa zinapotea?

Jumatatu wakaenda kwa balozi, Yunisi, yeye, na Danford aliyewafuata bila kualikwa. Mzee Mbonile aliwakaribisha barazani. Mkewe Ferista alikuwa pembeni akipepeta mahindi, ungo ukipanda na kushuka. Balozi alishasikia habari yote na alikuwa na ufumbuzi tayari.

"Andika msiba," alimwambia Tupokigwe.

Kalamu haikutembea.

Balozi akafafanua kwa upole, kama mtu anayewafanyia hisani. Matembezi si sababu. Akiandika matembezi, katibu wa kijiji atamwuliza kama watu wake wamekosa kazi, wakati taifa zima liko shambani. Lakini msiba kila mtu anauelewa. Mgambo hawezi kumzuia mtu wa msiba, na majirani watanyamaza, pengine hata wachange unga. "Wewe nenda katembee mama yangu, nani atakwenda Mlimba kukagua maiti?"

Danford alisema hilo angalau lina heshima.

Yunisi alikuwa ameinama. Aliponyanyua uso, macho yalikuwa makavu kabisa.

"Unataka nimuue nani, ndugu balozi?"

"Si kuua, mama. Ni maneno ya karatasi."

"Nimefua mashuka ya watu waliokufa kweli. Nawajua kwa majina. Leo nimtoe mtu roho kwa kalamu ili niruhusiwe kulala? Nimeiba pesa hizi?"

Ungo wa Ferista ulikuwa umesimama. Danford akasema kama mama hataki, basi aache safari, treni haikimbii, bati zinapanda bei kila mwezi. Akamgeukia mkewe. "Mama Isaka, andika unachoambiwa, twende. Jua linatuunguza bure."

Tupokigwe aliandika. Kalamu ilikwaruza karatasi muda mrefu, na balozi, akiona mistari imenyooka, akaridhika na kuomba asomewe kabla ya kuweka sahihi.

Hapo ndipo jambo lilipokuwa jepesi kuliko yote. Angeweza kusoma neno msiba kwa sauti, naye balozi angeweka mkia wake chini ya neno jingine bila kujua. Mama angesafiri wiki hiyo hiyo. Tupokigwe aliliona jambo hilo waziwazi na likamchefua. Kusoma alijifunza kwa taabu, akiwa na mimba ya miezi minane kwenye benchi lisilo na mgongo. Hakujifunza ili awafanye watu wajinga.

"Yunisi, mkazi wa nyumba kumi namba tatu," alisoma, "anakwenda Mlimba kwa siku nne. Sababu ya safari: matembezi. Amestaafu."

Danford aliichukua karatasi mkononi mwa mkewe, akaichana katikati, akaichana tena. Isaka akaanza kulia. Tupokigwe alimtikisa mgongoni, akavuta karatasi nyingine, akaanza upya kuandika jina. Aliongea bila kuinua kichwa.

"Mwaka jana niliandika barua tatu hapa hapa. Danford, kwenda Mbeya, shangazi mgonjwa. Mara tatu. Niliandika, kwa kuwa niliambiwa niandike. Kumbe wagonjwa walikuwa kumi na mmoja, na wote walivaa bukta."

Mtu alikohoa. Danford alitazama chini.

"Nauli ile ilikuwa ya nini, baba Isaka? Haikutosha bati hata moja? Sikusema kitu. Nilifurahi uliporudi unacheka, maana mtu anayefanya kazi naye acheke. Lakini mama wa miaka hamsini na mitano, aliyepanda kahawa, aliyenunua ng'ombe, aliyeweka akiba Posta asije akatulemea sisi, yeye ndiye mzururaji?"

Balozi alianza kusema kwamba mambo ya vijana na mpira ni mengine. Hapo Ferista akaweka ungo chini.

"Baba Anyelwisye," alimwambia mumewe taratibu, "safari ya pili si mlikwenda wote? Ulirudi sauti imekauka siku mbili. Nikakuchemshia tangawizi, nikasema jamani, mume wangu amemlilia sana huyo shangazi wa watu."

Yunisi ndiye aliyecheka wa kwanza. Mzee Mbonile alikaza uso kwa muda, akahangaika na kofia yake, akanyoosha mkono apewe kalamu. Kabla ya kuweka sahihi aliamuru iongezwe kwamba mhusika awe amerudi kabla ya palizi. Tupokigwe akaongeza. Sahihi ikawekwa, na mkia wake ukapita mpaka kwenye neno amestaafu.

Danford alirudi nyumbani akiwa ametangulia mbali. Jioni alimwambia mkewe kwamba amemvua nguo mbele za watu. Tupokigwe alikiri, akamwomba radhi kwa kulisema barazani, kwa kuwa alimpenda na hakupenda kumwona ameinama vile. Kisha akamwambia kwamba maharage yake ya msimu huu atayauza na pesa zitakwenda kwenye bati. Za mama zisitajwe tena. Danford akageukia ukutani, akalala. Lakini Alhamisi alfajiri ndiye aliyebeba kikapu cha mama yake mpaka Isongole penye lori, akakikabidhi kwa dereva Zahoro na kumsihi asiendeshe kwa fujo.

Jumamosi Zahoro alirudi na habari. Kizuizini, mgambo mmoja aliisoma barua mara mbili, akamwita mwenzake naye akaisoma. Wakamwuliza mama kama siku hizi jambo hilo linaruhusiwa. Akawajibu kwamba linaruhusiwa, wasome vizuri. Wakamwinulia mti. Zahoro alimshusha stesheni mwenyewe, na kwa macho yake alimwona akipanda behewa la vitanda, akivua viatu mlangoni kana kwamba anaingia nyumbani kwa mtu.

Wanawake waliokuwa wakisubiri chumvi dukani walisikiliza mpaka mwisho. Ferista alimsogelea Tupokigwe, akajifanya anamchezea Isaka shavu.

"Hilo daraja la pili," aliuliza kwa sauti ya chini, "ni madebe mangapi ya maharage?"