Kochi la Mwenye Saluni

Fundi alikuwa na misumari mdomoni na nyundo mkononi, anamalizia kochi la mwenye saluni, mkewe alipoingia anahema na kusema ofisa wa ustawi wa jamii yuko njiani. Si kesho wala wiki ijayo. Ameonekana dukani anaulizia nyumba yao. Fundi nusura ameze msumari.

Walikuwa wakimsubiri mtu huyo tangu kitambo. Ofisini kwake walizungushwa mpaka mlinzi wa getini akawa anawasalimia kama ndugu. Leo hayupo, kesho ana kikao, keshokutwa gari halina mafuta. Na bila yeye hakuna linaloendelea, kwa maana hospitali ilikuwa na msamaha wa gharama kwa wasiojiweza, lakini lazima ofisa afike, aone kwa macho yake kwamba kweli hawajiwezi, kisha agonge muhuri.

Mwenye kuhitaji msamaha huo alikuwa binti yao, yuko kidato cha pili, mtaa mzima wanamwita Kasuku kwa vile alivyokuwa haishiwi maneno. Valvu ya moyo wake ilikuwa imeharibika. Miguu ilivimba, kulala chali hawezi, kwa hiyo alilala ameegemea gunia la vipande vya sponji, karibu na dirisha la sebuleni. Daktari alisema apasuliwe mapema, kila wiki inayopita inamlia moyo. Hata kicheko kilimkata pumzi, na mama yake alikuwa na kazi ya kumwambia basi, mwanangu, inatosha. Nyumba iliyokuwa na kelele kuliko zote ikawa inanong'ona.

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba na sebule, na sebule ndiyo karakana. Kodi ya kibanda cha barabarani ilipopanda, na bei ya sponji ikapanda juu yake, Fundi alihamishia kazi nyumbani. Wakawa watu wa kuishi katikati ya makochi bila kuwa na kochi. Wao walikalia mkeka, na stuli moja yenye mguu wa kuunga. Kochi la mteja halikaliwi. Hiyo ilikuwa sheria ya Fundi, na hakuna aliyewahi kuivunja, hata mgonjwa.

Sasa mgeni anakuja, na mke wa Fundi akafanya kile alichofundishwa na mama yake. Alikimbia kwa Mama Mapacha, jirani wa ukuta kwa ukuta, akarudi na chupa ya chai, vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, meza ndogo na pazia. Kasuku alimwuliza kama huyo ofisa anakuja kuona umaskini au anakuja kuposa. Mama yake akamwambia anyamaze, mgeni ni mgeni, hata akiwa amekuja kukuhesabia shida zako.

Ofisa akaingia, jasho linamtoka, begi kwapani. Fundi akaitazama stuli. Akalitazama kochi, mahameli nyekundu, limeisha sasa hivi, hakuna mshono uliokwenda upande. Roho ya ufundi ikamzidi. Akaondoa magazeti aliyolifunikia.

"Karibu, mkubwa. Kaa hapa."

Ofisa akakaa, akazama, akadunda kidogo kujaribu. Akasifu. Fundi naye, masikini, badala ya kushika tama na kulia njaa, akaanza kueleza jinsi springi zinavyofungwa kwa mkono ili zisilie. Chai ikamiminwa. Ofisa akapitisha macho kwenye pazia, kwenye kile kikombe cha dhahabu, akaandika. Kisha akaweka kalamu chini.

"Nimeingia nyumba ambazo watu wanakalia ndoo," alisema. "Mwenye kochi la mahameli nitamwombeaje msamaha?"

Fundi akaapa kochi si lake. Ofisa akatabasamu kama mtu aliyeshazoea, akasema kila anakopita ni hivyohivyo, televisheni ya shemeji, friji ya mpangaji aliyesafiri. Akaanza kufunga begi. Fundi alikuwa amemwuza mwanawe kwa sifa za springi.

Hapo ndipo mkokoteni ulipolia nje na mwenye saluni akaingia bila hodi, amechelewa, ana hasira na jua.

"Fundi, huyu ni nani amekalia kochi langu kabla sijalikalia mwenyewe?"

Ofisa akainuka upesi kuliko umri wake. Vijana wa mkokoteni wakalibeba kochi likatoka, mwenye saluni nyuma yake akipangusa alipokuwa amekaa ofisa. Kabla vumbi halijatulia akaingia Mama Mapacha. Samahani sana, wakwe zake wamemfikia ghafla, anaomba vyombo vyake. Alimsubiri ofisa amalize chai, akimhesabia kila funda. Akachukua kikombe, chupa, meza, akakanyaga mkeka akachomoa pazia. Jua likaingia lote. Ofisa akabaki katikati ya sebule na begi lake, akajishusha kwenye stuli ili apate pa kuandikia, na ule mguu wa kuunga ukafanya kama kawaida yake. Akajikuta chini, kwenye mkeka, pamoja na familia.

"Sasa nimeona," alisema akijipangusa. "Kweli hamna kitu."

Alilisema hilo kwa sauti ya kupongeza, na aibu yenyewe ni kwamba wao walifurahi kwelikweli. Muhuri ukagongwa hapohapo sakafuni. Mke wa Fundi akaikumbatia ile karatasi na kububujikwa na machozi, huku Fundi akimshukuru mtu kwa mikono miwili kwa kile ambacho mwanawe alistahili tangu siku ya kwanza.

Mlangoni ofisa akasita. Nyumbani ana kochi limezama katikati, akasema kwa sauti ya chini, Fundi si angekuja kumtazamia? "Tusaidiane." Kila mtu alijua maana ya neno hilo, na kwamba halina malipo. Fundi alikuwa ameshafungua mdomo kukubali, sauti ikatoka kwenye gunia la sponji.

"Mzee, samahani. Itabidi baba aje kwako kukagua kwanza. Aone kama kweli hujiwezi."

Mama Mapacha, pazia begani, akashindwa kujizuia, akaangua kicheko. Fundi akamfuata. Ofisa alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, akaondoka.

Kasuku alicheka mpaka pumzi ikakatika. Wote wakatulia, wanamtazama, mkono wake uko kifuani. Mama yake alikuwa ameshainua mkono kusema inatosha. Akaushusha. Pumzi ikarudi. Kasuku akafuta machozi, akatazama pale kochi lilipokuwa.

"Kumbe sebule yetu ni kubwa hivi," akasema, akaanza tena kucheka.