Kibodi Iliyokohoa

Ukitaka kumjua Nasri wa Mabawa, muulize mtu aliyewahi kupewa kitu naye. Na katika Tanga yetu hii, wapenda kibodi ni wachache wa kuhesabika, wala hakuna ambaye hajapewa. Naam, kibodi, hizo hizo za kuchapia kwenye kompyuta. Wapo watu wazima wenye akili zao timamu wanaozifungua, wakalehemu, wakapaka mafuta, kisha wakatega sikio kama mnunuzi anayetikisa nazi sokoni. Kundi lao la WhatsApp linaitwa Vidole vya Tanga, na sharti lake ni moja: cha kundi hakiuzwi. Ukipata kipya, cha zamani unampa mwenzio.

Mastura aliingia kundini mikono mitupu. Alikuwa na kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi Ngamiani, na kibodi yake ya plastiki ilikwama kila aya. Nasri akamletea nyingine kwa baiskeli, kaiviringa kwenye taulo. Baadaye akaleta vitufe vya rangi ya samli, kisha waya wa kusokotwa. Mastura akiuliza atamlipaje, Nasri hucheka tu.

"Dada, tenda wema uende zako. Mie nishakwenda."

Basi akampenda kama kaka wa tumbo moja, na hilo mimi silioni kosa hata leo.

Ilikuwako kibodi moja ambayo Mastura hakuwahi kuwaonesha. Ilikuwa ya babake, marehemu Mzee Mudathir, karani wa shamba la mkonge, aliyeipata siku ofisi ilipotupa kompyuta zake za kizamani. Alikuwa akiwachapia majirani barua za maombi nyumbani, na wanawe walilala kwa mlio wake. Kitufe kirefu cha chini kilikuwa na kikohozi chake: kinakwaruza kidogo, ndipo kinagonga. Alipofariki, mjane wake Bi Zuwena alimwomba bintiye jambo moja tu. Kila alasiri amchapie chochote, hata upuuzi, naye ajilaze kwenye mkeka asikilize.

Mwaka huu herufi kadhaa zikafa. Mastura angempelekea nani kama si Nasri?

Nasri aliipokea kwa mikono miwili. Akabonyeza kitufe kirefu, akabonyeza tena, akainamisha sikio. Tangu siku hiyo salamu za Mastura akawa anazijibu nusu nusu. Kazini akaomba ruhusa, barazani haonekani, chai inapoa mbele yake. Kundini aliacha kugawa akaanza kuuliza: nani ana swichi za zamani kama hizi, zile zinazokaa chini ya vitufe? Hazitengenezwi tena! Mastura akadhani anamtafutia yeye vipuri, akamwombea dua.

Kibodi ilirudi inang'aa, kila herufi inafanya kazi. Mastura akapeleka sinia la mkate wa kumimina kwa shukrani. Alasiri akakaa kumchapia mamake, na Bi Zuwena akainuka kwenye mkeka.

"Mastura, umebadili mashine?"

"Ni ileile, mama. Imesafishwa."

"Mbona haikohoi?"

"Kaka Nasri anasema lilikuwa vumbi."

"Vumbi! Mie nimelala na vumbi hilo miaka yote? Huyo mtu kakuibia, mwanangu."

Mastura akampandishia mamake sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimwambia asimsingizie mtu aliyewatendea mema. Bi Zuwena akajifunika kanga yake, na kesho yake hakutandika mkeka.

Sasa, kila Ijumaa Vidole vya Tanga hucheza "Nani huyo?" Mmoja anarekodi mlio wa kibodi bila picha, wengine wanabahatisha ni ya nani. Ijumaa ile aliyeweka sauti ni Nasri. Mwizi mwingine angenyamaza, lakini mgonjwa wa kibodi hawezi kupata mlio mtamu akaufungia ndani. Laurenti, mhasibu wa parokia, akaandika: "Jamani, hii imeshuka kutoka mbinguni."

Mastura aliweka simu sikioni. Ikagonga, ikagonga, kisha ikakohoa.

Akakaa juu ya rimu za karatasi. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo hiyo aliivaa kwa fahari. Akaandika: "Huyo ni baba yangu." Watu wakamjibu kwa vicheko.

Asubuhi alibisha hodi kwa Nasri, mtaani Mabawa. Nasri alimwona uso, wala hakujisumbua kukana. Mezani palikuwa na kibodi mpya ya shaba.

"Swichi za mzee kwako zingeoza tu," alisema. "Wewe huijui thamani yake."

"Nirudishie, kaka. Mama anazisubiri."

"Mangapi nimekupa mimi? Kibodi ya kwanza nani kakupa? Vitufe je? Waya je? Cha kundi si cha mtu mmoja, Mastura."

Kumbe hakuwa amekwenda zake. Wema wote ule alikuwa ameukalia, anangoja uive.

"Vyote nitakurudishia leo hii. Wewe nipe zile swichi tu."

Nasri akaitazama meza. "Jana, baada ya kurekodi, nilizifungua zote. Nimezisugua, nimezipaka mafuta, springi nimebadili. Zilikuwa zinakwaruza." Akabonyeza kitufe kirefu. Kikashuka laini, kikagonga, basi. "Unasikia?" akauliza, macho yamemng'aa kwa furaha ya kweli. "Sasa ndiyo imekuwa nzuri."

Mastura hakumpiga. Mimi ningempiga.

Alirudi nyumbani akapiga magoti mbele ya mamake. "Nisamehe, mama. Ulisema kweli, na mimi nikakufokea."

"Nishakusamehe. Iko wapi?"

"Kaiharibu. Lakini sauti yenyewe ninayo kwenye simu, aliirekodi kabla. Utaisikia kila ukitaka."

Bi Zuwena akautandika mkeka kwa mara ya kwanza tangu ugomvi ule. Akajilaza, akafumba macho.

Mastura akafungua kundi. Pale palipokuwa na sauti paliandikwa: *Ujumbe huu umefutwa.* Chini yake Nasri alikuwa ametangaza kumpa Laurenti kibodi, bure kabisa, na watu walikuwa wakimwombea kheri kwa moyo wake wa kutoa.

"Anza basi, mwanangu," akasema Bi Zuwena, macho kayafumba. "Nasikiliza."